Kwa Magesa, Aliyelima Sehemu Yake

Magesa mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana asubuhi tumesalimiana, mchana tukagombana juu ya kuku, na sasa hivi ninavyoandika uko ng'ambo ya barabara, nyumba ya tatu au ya nne, unaaga. Ulisema unakwenda kuaga mara moja. Najua kila unapoaga wanakupa chakula, na najua hukatai. Jua bado lipo. Nimekaa hapa mlangoni, karatasi nimeiweka juu ya ungo, ili niandike kabla hujarudi kuniuliza naandika nini.

Shangazi yako Nyabise ndiye atakayekusomea ukifika kwake Mukendo, Musoma. Kalamu niliishika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, wewe ukiwa mgongoni ukivuta kilemba changu, kwa hiyo mwandiko wangu unapanda na kushuka. Wifi, univumilie, na usiruke mahali. Jirani amepita hapa akaniona naanza ukurasa wa pili, akaniuliza, "Mama Magesa, yote hayo unamwandikia nani? Yule si anasahauga?" Nikamwambia akisahau atasomewa tena. Hata mimi mahubiri ya Jumapili nikifika nyumbani nimeshayasahau, na hakuna aliyewahi kuniambia nisiende kanisani. Basi nimeamua kuandika barua ndefu, ndefu kama anayoandikiwa mtoto yeyote anayeondoka kwao.

Mambo ya kuoga, kufua na kuvaa viatu sitayaandika. Unayajua, na shangazi yako ana mdomo wa kutosha. Na lile koti la mtumba lenye manyoya shingoni, ukitaka kulivaa juani huko Musoma, livae. Ulilinunua kwa jasho lako. Nimelisema vya kutosha.

Ulizaliwa wakati wa mavuno, ndiyo maana tukakuita Magesa. Tulikuwa tumehamishiwa hapa kijijini si muda mrefu, nyumba nusu yake ina paa na nusu haina. Ulichelewa kukaa, ukachelewa kutembea, na maneno yakachelewa zaidi. Mganga wa zahanati akasema una mtindio wa akili. Wengine hawakuwa na muda wa maneno marefu kiasi hicho, wakasema zezeta. Marehemu baba yako walimwambia hivyo mbele yangu. Akawajibu, "Huyu ni Magesa," akachukua fimbo yake akaenda kuchunga. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa na maneno mengi, na mengi katika hayo yalikosea njia.

Sikiliza habari ya sabuni. Ulikuwa mdogo, lakini si mdogo wa kubebwa tena, wakati maduka yalipokauka. Sukari hakuna, sabuni hakuna, khanga tunaivaa mpaka unaona mwanga upande wa pili. Ikisikika kwamba duka la ushirika la Bunda limepata mzigo, tulikuwa tunaondoka hapa Nyamuswa alfajiri, kwa lori la pamba tukibahatika, kwa miguu tusipobahatika. Tukifika tunakuta foleni imeshapangwa, nayo ni foleni ya mawe. Mtu anaweka jiwe lake anakwenda zake kivulini, jiwe linamshikia nafasi, na hakuna anayeligusa. Siku moja mimi sikuweka jiwe. Nilikuweka wewe, nikaenda kutafuta maji ya kunywa. Niliporudi nikakuta wamekutoa pembeni, na jiwe la aliyekuwa nyuma yetu limesogezwa mbele. Yaani jiwe waliliheshimu, wewe wakakutoa.

Nililia njia nzima kurudi, kisha nikaja na akili yangu mpya. Safari iliyofuata nilikufunga mgongoni kwa khanga, miguu yako inaning'inia karibu na magoti yangu, nikakuambia ulaze kichwa na usiseme. Watu wakaona, wakasema, "Mpisheni huyu mama, ana mgonjwa." Tukapita mbele. Tulipata sabuni mara moja, na mara ya pili sukari kidogo, nikajiona mjanja kuliko wanawake wote wa Mara.

Mara ya tatu ukaniharibia. Mwenye duka alikuwa ameshanyoosha mkono na mche wa sabuni, wewe ukachoka kulaza kichwa. Ukateleza mgongoni mwangu, ukatua chini, ukaanza kusalimia foleni. Si kwa mdomo tu. Ulimpa mkono kila mtu, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho, na waliokuwa kivulini ukawafuata huko huko. Mwenye duka akarudisha mkono wake. "Mama, mbona mgonjwa wako anatembeaga vizuri?" Foleni nzima ikacheka, na mimi nikaenda kusimama mwisho na jiwe langu. Mzigo ukaisha kabla yetu. Mwezi ule tulifulia majani ya mpapai.

Nilikugombeza sana, mwanangu, na wewe ulikuwa unacheka tu kwa sababu ya ile mikono uliyoshika. Ilinichukua muda kuona nilichokuwa nafanya. Wewe ulikuwa unajifunza kutembea, kusema, kusalimia, na mimi nilikuwa nakufundisha ugonjwa ili tupate sabuni. Na huruma ile haikutusaidia kitu. Tulipokwenda tena, nilikuacha kwenye foleni kwa hofu, na mtu mmoja alipotaka kukusogeza nikamsikia mwanamke nisiyemjua akisema, "Mwache huyo, ni Magesa, tunafahamiana." Walikutunzia nafasi yako, na ya kwangu pia. Yote hayo yalitokana na kushikana mikono.

Kosa langu la pili huhitaji kukumbushwa, maana unalisimulia kila tukipata wageni. Ulikuwa unashika shavu na kukataa uji. Nikakupeleka zahanati. Muuguzi akaniuliza mimi, "Anaumwa nini?" Nikasema tumbo. Wewe ukasema, "Jino." Nikasema, "Ni tumbo, huyu hajui kueleza." Tukapewa dawa ya minyoo. Ulikunywa ile dawa chungu siku zote walizoandika, na ukiwa mtiifu kama ulivyo, kila ukimaliza kijiko ulikuwa unasema, "Jino." Shavu lilipovimba ndipo nikarudi, na muuguzi safari hii akainama akakuuliza wewe. Ukafungua mdomo. Hakuhitaji maelezo yangu.

Tangu siku hiyo nimejaribu kufunga mdomo wangu mtu anapokuuliza wewe. Ni kazi ngumu kuliko palizi, na wewe unajua ninavyoshindwa. Kule Musoma watu watamuuliza shangazi yako mbele yako, "Huyu anaitwa nani? Huyu anakula nini?" Wasubiri wamalize, kisha useme, "Niulize mimi." Wifi, na wewe hapo ukitaka kujibu, meza mate kwanza.

Kuna jambo moja si la kucheka, nalo ni la Butiama. Tulikwenda kwa binamu yangu kumsaidia kupukuchua mahindi. Nyuma ya jiko tukamkuta binti yake, Nyamisi, amefungwa kamba mguuni, na kamba imefungwa kwenye nguzo ya ghala. Binti mkubwa tu. Hakuwa anasema, alikuwa anachora udongo kwa kidole, na mguu ulikuwa na alama. Binamu yangu aliona ninavyotazama, akaanza kujitetea kabla sijasema: "Naendaga shamba, nitamwacha na nani? Juzi alifika barabarani, lori lilimkosa kidogo." Nami nilijaa maneno. Nilitaka kumwambia kwamba hata mbuzi tunamhamishia kivulini. Nilitaka kumwambia aone haya. Nilikuwa natafuta lipi nianze nalo, na wewe ukawa umeshakaa chini unafungua fundo.

Ulihangaika nalo, lilikuwa limekazwa. Ulipolifungua hukumwambia mtu lolote. Ulimshika Nyamisi mkono, ukamleta kwenye mahindi, ukamkalisha kati yako na mimi, ukamwekea hindi mkononi. Binamu yangu akasema, "Hawezi huyo." Nyamisi alitupa hindi la kwanza, na la pili akalitupia kuku. Baadaye akaanza kupukuchua, taratibu, punje zikaruka kila upande, na alipokuwa anacheka nikamwona binamu yangu anageuza uso. Alilia, Magesa. Hakuwa mkatili yule. Alikuwa mtu mmoja mwenye shamba na mtoto, na hakuna jirani aliyewahi kumwambia, "Niachie mimi nikae naye leo."

Tulilala kule, na kabla ya kuondoka tulizunguka nyumba za jirani, mimi, binamu na nyinyi wawili. Wewe ulisalimia, sisi tukaomba. Wawili walikubali kukaa na Nyamisi siku za shamba, mmoja akakataa, mmoja akasema atafikiri. Kamba wakairudisha kufungia ng'ombe. Ninachotaka ujue ni kwamba mimi nilikuwa na hasira iliyo sawa kabisa, na isingemfungua mtu. Ukimwona mtu amefungwa, au amefichwa chumba cha nyuma wageni wakija, hasira yako uwe nayo, lakini anza na fundo, kisha utafute majirani.

Sasa nikuambie siku ninayoipenda kuliko zote. Wewe unaijua kwa upande wako, ila upande wangu hujausikia.

Unajua risaga yetu ilivyo: leo tunalima kwako, kesho kwangu, kila nyumba inatoa jembe moja, na mwenye shamba anapika. Nyumba isiyotoa jembe, shamba lake halilimwi. Tangu baba yako afariki, jembe la nyumba yetu nilikuwa mimi. Wewe ulikuwa unakuja nami, lakini walikuwa wanakupa ndoo ubebe maji na watoto. Chakula kikija, wazee wana bakuli lao, vijana lao, sisi wanawake letu, na watoto wanapewa ukoko kwenye sufuria pembeni. Ndevu zilikuwa zimeanza kukuota, na bado ulikuwa unakula ukoko na watoto. Mimi niliona, na sikusema, kwa sababu nilidhani hapo ndipo ulipo salama. Hakuna anayemcheka mtu akiwa na watoto.

Siku ile ilikuwa zamu ya shamba la Mzee Manyama, mkubwa wa risaga, na mimi malaria ilikuwa imenilaza. Niliamka na kukuta kitanda chako kitupu na jembe halipo. Nikadhani umelibeba ukacheze nalo mtoni ujikate mguu. Nilikutafuta mtoni, nikakutafuta kwa mama wa mandazi, nikakutafuta sokoni, natetemeka na homa. Ndipo nikapandisha mpaka kwa Manyama, nikakuona katikati ya pamba, umeshika sehemu yako ya kulima, vijana wawili kushoto na watatu kulia, jasho linakutoka.

Nikaingia shambani naomba radhi. "Mzee, mnisamehe, sikumtuma. Nitamchukua sasa hivi."

Manyama hakunyanyua hata mgongo. "Ukimchukua, shika wewe sehemu yake. Haijaisha."

Niliangalia sehemu yako. Ilikuwa imepinda kidogo, na mahali fulani ulikuwa umeng'oa pamba pamoja na majani. Nikakaa kwenye mtaro na homa yangu, nikakutazama. Ulikuwa nyuma ya wenzako kwa mbali. Walipomaliza, wawili walirudi wakaanza kulima upande wa mwisho wa sehemu yako kuja kukutana nawe, kama wanavyomfanyia yeyote aliyebaki nyuma. Halafu Manyama akapita kukagua, akaona pamba iliyong'olewa, akakufokea. "Wewe Magesa, hii ni pamba au ni majani? Kesho unakuja hapa na mbegu, unarudishia kila shina." Alikufokea kwa sauti mpaka ng'ambo wakasikia, na mimi mgonjwa nimekaa mtaroni nafurahi. Hakuna mtu mzima aliyewahi kukufokea kwa kazi. Siku zote walikuwa wanasema, "Mwacheni, hajui."

Chakula kikaja. Mke wa Manyama, kwa mazoea tu, akakuita, "Magesa, njoo huku na wenzako," akaonyesha watoto kwenye sufuria. Wewe ukabaki umesimama na jembe begani. Nilitaka kusema, Mungu anajua nilivyotaka, na nikakaa kimya. Ukasema, "Nimelima."

Basi. Neno hilo moja. Kijana mmoja akacheka, akaacha alipoona hakuna anayecheka naye. Manyama akalamba kidole cha mboga, akawaambia vijana, "Si amelima? Sogeeni." Wakasogea. Ukanawa, ukakaa, ukala ugali na samaki mpaka wenzako wakaanza kulalamika kwamba unamega matonge makubwa. Kesho yake ulikwenda na mbegu, ukarudishia kila shina. Msimu ule ule zamu yetu ilipofika, walikuja wote kulima hapa kwetu, na walipoulizana wanalima shamba la nani, walijibiana, "La Magesa."

Ndiyo maana nimekubali uende. Shangazi yako alipokuja kwenye arusi hapa kijijini na kuuliza kama unaweza kumsaidia pale kwenye hoteli yake, mimi nilifungua mdomo niseme hutaweza. Ulinitangulia, ukasema, "Nitaweza." Siku hizi kila mtu anafungua biashara, sabuni zimejaa mpaka zinatembezwa mlangoni, pamba wanunuzi wanatufuata shambani, na wewe pia una haki ya kwenda kutazama dunia imekuwaje.

Utabeba maji na kuosha vyombo. Utakosea. Kuna atakayetaka chai, utampa uji. Ukivunja sahani, shangazi atakufokea, na namjua, atafoka vizuri. Akikufokea kama anavyowafokea wengine, usikasirike. Jioni akilipa, alipe mkononi mwako, kama anavyowalipa wengine. Kuna watu watakaokuita majina. Wape mkono, uwaambie jina lako, na wakirudia, ondoka, hukwenda Musoma kulishwa matusi. Na wafanyakazi wakikaa kula, kaa nao. Usisubiri kuitwa. Huko hawajui bado kwamba umelima, itabidi waone wenyewe, na siku za mwanzo huenda wakachelewa kusogea. Hofu yangu yote iko hapo, sikufichi. Hapa nyumbani nafasi yako umeipata, huko unaanza upya, na mimi sitakuwepo, hata kukaa mtaroni.

Nilitaka kufunga barua hapa. Lakini Mzee Manyama amepita sasa hivi na vijana wawili. Nikajua wamekuja kuaga, nikaleta viti. Hawakukaa. Walikuja kulalamika.

"Mama Magesa, umefanya nini? Palizi ndiyo inaanza, unamwachia kijana aende Musoma? Sisi tunamtegemeaga yule."

Mwanangu, tangu ulipozaliwa watu wamesimama kwenye mlango huu kunipa pole kwa ajili yako. Nimezipokea mpaka nazijua kabla hazijatamkwa. Leo ndiyo mara ya kwanza watu wamesimama hapa na hasira kwa sababu unaondoka. Nikaanza kucheka kwa furaha. Manyama akadhani nadharau, akafoka zaidi, na mimi nikazidi kufurahi.

Nikawaambia jembe litakuja, nitalishika mimi tena. Kijana mmoja akaniambia, "Mama, wewe huwezi kumfikia Magesa." Nikasema najua. Wamekubali hivyo hivyo. Ila kwenye chakula Manyama amesema mimi nitakula na wanawake kama zamani, na kwenye bakuli la vijana nafasi yako isikaliwe na mtu, maana wakiijaza, ukirudi itabidi wasogee tena, na wao wameshazoea kukaa na wewe.

Mimi mama yako,
Wakuru